Haki ya Mwenye Anga na Amana ya Msafiri

Msafiri wa nchi kavu akiishuku njia huweza kusimama. Msafiri wa baharini akimshuku nahodha huweza angalau kuutazama upepo na kukisia pwani iko upande gani. Lakini msafiri wa angani hana la kusimamisha wala la kukisia. Mlango wa ndege ukiisha kufungwa, amekwisha kuyaweka maisha yake mikononi mwa watu asiowajua: rubani asiyemwona, mafundi waliobaki chini, na waongoza ndege walio katika minara ya mbali, ambao sauti zao humfikia rubani peke yake. Ni vigumu kuitaja safari nyingine iliyojengwa juu ya amana nyingi namna hii. Kwa hiyo swali la nani ana haki gani juu ya ndege ipitayo haliwezi kuachiwa wanasheria peke yao. Ni swali la amana, na kila swali la amana ni swali la maadili.

Swali hili liliwekwa mbele ya ulimwengu tarehe 23 Mei 2021. Siku hiyo ndege ya abiria ya kampuni ya Ryanair iliondoka Athens, mji mkuu wa Ugiriki, kwenda Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Njia yake ilipita juu ya nchi ya Belarus, na ndani yake walikuwamo abiria zaidi ya 120. Ilipokuwa imekaribia mpaka wa Lithuania, waongoza ndege wa Belarus walimwarifu rubani kwamba wamepata habari ya bomu lililomo ndani ya ndege, na kwamba bomu hilo laweza kulipuka juu ya Vilnius. Wakamshauri atue Minsk. Rubani aliuliza habari hiyo imetoka wapi. Akauliza pia hatari yenyewe ni ya daraja gani, akajibiwa kuwa ni nyekundu, yaani daraja la juu kabisa. Kiwanja cha Vilnius kilikuwa karibu zaidi kuliko cha Minsk. Walakini rubani aligeuza ndege akarudi nyuma. Ndege ya kivita nayo ilirushwa angani. Ilipotua, ndege ya abiria ilipekuliwa na bomu halikuonekana. Aliyeonekana ni mtu: Roman Protasevich, mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 26, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa ukurasa wa habari ulioeneza taarifa za maandamano ya mwaka 2020 dhidi ya Rais Alexander Lukashenko. Alikamatwa pamoja na mchumba wake. Baada ya saa nyingi ndege iliruhusiwa kuendelea na safari bila ya hao wawili.

Serikali ya Belarus ilidai kwamba ilitenda kwa nia njema, kwa ajili ya usalama wa abiria. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilifanya uchunguzi, na mnamo Julai 2022 baraza lake liliamua kwamba habari ya bomu ilikuwa ya uongo wa makusudi, na kwamba wakubwa wa serikali hiyo ndio walioipanga hila. Kwa hiyo tukio lenyewe halina haja ya kubishaniwa upya. Linalostahili kupimwa ni jambo jingine: katika tendo hili, ubaya hasa ulikuwa wapi?

Jibu la haraka ni kwamba ubaya ulikuwa katika kuishusha ndege. Jibu hili linavutia, lakini halitoshi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulioridhiwa na karibu mataifa yote ya dunia, yakiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, unatamka katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Haki hiyo ina maana. Nchi isiyoweza kusema neno juu ya yale yapitayo kichwani pake ni kama nyumba isiyo na paa: kila jiwe litupwalo litaingia. Ndege yaweza kupeleleza, yaweza kuchukua silaha za magendo, yaweza kutekwa na kugeuzwa kombora, kama ulimwengu ulivyoona New York na Washington tarehe 11 Septemba 2001. Mlinzi aliyekatazwa kabisa kumwamuru mpitaji asimame si mlinzi. Basi kuamuru ndege itue, kwa peke yake, si dhambi. Huenda hata ikawa wajibu.

Hata hivyo haki hiyo ilifundishwa mipaka kwa damu. Tarehe 21 Februari 1973 ndege ya abiria ya Libya, iliyokuwa ikienda Cairo, ilipotea njia katika hali mbaya ya hewa ikaingia juu ya Sinai, iliyokuwa wakati huo mikononi mwa Israel. Ilishambuliwa na ndege za kivita za Israel, na watu 108 wakafa. Miaka kumi baadaye, tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilikosea njia ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti. Ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Mei 1984 mataifa yalikutana Montreal yakaongeza kifungu katika Mkataba wa Chicago, nacho kilianza kutumika mwaka 1998. Kifungu hicho kinasema mambo mawili pamoja. Dola yaweza kuamuru ndege itue ikiwa imeingia bila ya ruhusa au ikiwa kuna sababu ya haki ya kuamini kwamba inatumiwa kwa shabaha zisizopatana na mkataba. Lakini dola ijizuie kutumia silaha juu ya ndege ya abiria, na katika kuizuia isihatarishe maisha ya waliomo. Mwenye anga ana haki, na haki yake inakoma pale inapoanza roho ya mpitaji.

Baada ya kukubali hayo, mtetezi wa Belarus huweza kusimama na hoja ya pili. Atasema: hapana aliyekufa, hapana risasi iliyopigwa, aliyekamatwa alikuwa raia wa nchi hiyo, naye alikuwa akitafutwa na serikali yake. Meli ikitia nanga bandarini, je, askari hawaruhusiwi kupanda na kumkamata mtuhumiwa? Kwa nini ndege iwe na heshima kuliko meli?

Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uadilifu, wala haifai kuikwepa kwa kusema kwamba kijana yule hakuwa na hatia. Wengi waliamini kwamba kosa lake pekee lilikuwa kusema yale ambayo wakubwa hawakutaka yasemwe. Lakini ichukuliwe, kwa ajili ya hoja tu, kwamba alikuwa mhalifu kweli kweli. Je, tendo lile lingekuwa halali? Mtu ashukaye bandarini amechagua bandari hiyo. Amekanyaga ardhi akijua ni ya nani na sheria yake ni ipi. Abiria wa Vilnius hakuichagua Minsk. Alichagua njia, na njia ikapita juu ya paa la mtu. Yamkini mwenye paa angeweza kusema waziwazi: shukeni, ninaye mtu ninayemtafuta. Amri kama hiyo ingekuwa ya jeuri, na ulimwengu ungelalamika. Lakini ingekuwa amri ya mtu asemaye jina lake. Rubani angejua anachoambiwa, kampuni yake ingejua, na dola ingebeba tendo lake mchana, mbele ya macho ya watu, na kuulizwa juu yake.

Belarus haikufanya hivyo. Ilisema kuna bomu. Katika uongo huo mna ushahidi mkubwa kuliko mashtaka yoyote, kwa kuwa mtu aliye na haki ya kuingia hupiga hodi. Anayevaa nguo za mganga ili afunguliwe mlango amekwisha kukiri moyoni kwamba kwa jina lake mwenyewe asingefunguliwa. Dola iliyochagua hila badala ya amri ilijihukumu kabla haijahukumiwa na mtu mwingine.

Tena uongo huu haukuwa uongo wa kawaida. Watawala husema uongo katika mikutano, katika magazeti na katika mapatano, na walimwengu wamezoea kuyapima maneno yao kabla ya kuyaamini. Lakini yako maneno ambayo hayana nafasi ya kupimwa. Waswahili husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hekima ya methali hii haiko katika sauti ya pembe; iko katika makubaliano ya mji mzima kwamba pembe ile haitapigwa bure. Mvuvi huacha wavu wake, mkulima huacha jembe lake, mama humnyakua mtoto wake, wala hapana aulizaye kwanza kama mpigaji ni mkweli. Wangengoja kuuliza, pembe isingekuwa na faida. Onyo la hatari huokoa kwa sababu huaminiwa upesi. Kwa hiyo mtu apigaye mbiu kwa ajili ya kumtoa jirani yake nje apate kumkamata hakumdhulumu jirani huyo peke yake. Ameuibia mji mzima pembe yake.

Sauti ya mnara wa kuongozea ndege ni mbiu ya namna hiyo. Rubani aliye juu futi 39,000 hawezi kuteremka kwenda kutazama kama barua ya kutisha imefika kweli. Rubani yule wa mwaka 2021 aliuliza maswali, akasitasita, lakini mwisho alitii, na hapana mwenye haki ya kumlaumu. Aliwekwa kati ya mambo mawili: kuliamini neno na kupoteza safari, au kulikataa neno na pengine kupoteza kila roho iliyokuwa nyuma yake. Mtego uliotegwa ulikuwa umefumwa kwa uzi wa wema wake mwenyewe. Kama angekuwa mtu asiyejali maisha ya abiria, hila isingemnasa. Ubaya mwingi hutumia udhaifu wa watu, tamaa yao au hofu yao. Ubaya huu ulitumia uaminifu wa mtu katika kazi yake.

Na madhara yake hayakuishia kwa rubani yule. Baada ya siku ile, kila rubani aambiwaye kuna bomu ana swali la zaidi ambalo hakuwa nalo zamani: je, sauti hii yataka kuniokoa au yataka mtu aliye nyuma yangu? Huenda siku moja onyo likawa la kweli, na dakika itakayopotea kwa swali hilo ikawa dakika ya mwisho. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliyaagiza mashirika yao yaepuke kupita juu ya Belarus, zikayafungia anga yao mashirika ya nchi hiyo. Hiyo ilikuwa siasa, lakini ilikuwa pia kitendo cha mtu wa kawaida: njia ambayo mwenyewe amepiga kelele ya uongo, wasafiri huihama.

Jambo la tatu ni la abiria wale wengine. Katika hesabu ya waliopanga hila hiyo walikuwa si kitu. Walikuwa kama majani yanayoteketezwa ili panya atoke. Wazee, watoto, watu waliotoka mapumzikoni, wote walitiwa hofu ya mauti wapate kufikishwa mahali ambapo mtu mmoja angekamatwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha katika karne ya 18 kwamba mtu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu cha kupatia shabaha ya mwingine. Kiswahili kina neno moja libebalo fundisho hilo: utu. Dola inayotaka kumwadhibu mtu mmoja kwa haki haina budi kumwendea yeye, kwa jina lake na kwa kosa lake. Ikiwapitia watu zaidi ya mia wasio na neno nayo, na kuwageuza kamba ya kumfungia, imekwisha kupoteza ile haki iliyodai kuilinda, hata kama mtu huyo angestahili kamba.

Hapa msomaji makini ataleta pingamizi. Je, mnara usiseme uongo kamwe? Tarehe 31 Machi 1970 vijana tisa wa Kijapani waliteka nyara ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Fukuoka, wakaamuru iende Korea ya Kaskazini. Ndege iliongozwa kutua katika kiwanja cha Gimpo, Seoul, na kiwanja hicho kilipambwa kionekane kuwa ni Pyongyang. Watekaji waliing'amua hila. Mwisho abiria waliachiliwa baada ya naibu waziri wa Japani kukubali kushika nafasi yao, na ndege ikaenda Kaskazini. Mnara ulidanganya pale pia. Kwa nini basi mmoja usifiwe na mwingine ulaumiwe?

Tofauti si ya uongo na ukweli. Ni ya mwenye amana. Mnara upo kwa ajili ya watu walio angani. Wa Seoul ulimdanganya mvunja amana ili amana irudi kwa wenyewe; wa Minsk ulimdanganya mlinzi wa amana ili amana iporwe. Hila ya Seoul yaweza kulaumiwa kwamba ilikuwa ya hatari, maana wenye silaha walipoing'amua wangeweza kufanya lolote. Lakini hakuna abiria hata mmoja ambaye, akiulizwa baadaye, angesema kwamba hila ile ilifanywa dhidi yake. Kipimo chenyewe ni hicho: wale ambao maisha yao yamewekwa rehani, wakiisha kujua ukweli wote, je, wataona walilindwa au waliuzwa?

Kipimo kikiwa kimoja, hakina budi kutumika kwa watu wote. Tarehe 22 Oktoba 1956, katika vita vya uhuru vya Algeria, ndege iliyokodiwa na serikali ya Morocco ilikuwa ikitoka Rabat kwenda Tunis. Ilipita baharini ili isiingie anga ya Algeria. Ndani yake walikuwamo viongozi wa wapigania uhuru, Ahmed Ben Bella, Mohamed Boudiaf, Hocine Aït Ahmed na Mohamed Khider, waliokuwa wageni wa Sultan Mohammed V, pamoja na mwenzao Mostefa Lacheraf. Marubani walikuwa Wafaransa. Wakuu wa jeshi la Ufaransa waliwaamuru kwa redio watue Algiers, nao wakatii. Wasafiri walidhani wanashuka Tunis mpaka walipowaona askari. Katika serikali ya Ufaransa yenyewe alikuwako aliyeona aibu: Alain Savary, aliyesimamia mambo ya Morocco na Tunisia, alijiuzulu. Viongozi wale wanne walikaa kifungoni mpaka mwaka 1962, mwaka ambao Algeria ilipata uhuru, na Ben Bella akawa rais wake wa kwanza mwaka uliofuata. Tena mwezi Julai 2013, ndege ya Rais Evo Morales wa Bolivia, iliyotoka Moscow, ilifungiwa njia na nchi kadhaa za Ulaya, Ufaransa ikiwa mojawapo, kwa shaka kwamba imemchukua Mmarekani Edward Snowden. Ililazimika kutua Vienna, na mtu huyo hakuwamo.

Mambo haya hayalingani katika kila kitu. Ndege ya rais si ndege ya abiria kwa mujibu wa mkataba, na kunyimwa njia si sawa na kutishwa kwa bomu. Lakini mwenye kulaani la mwaka 2021 na kulinyamazia la mwaka 1956 hajalaani tendo, amemlaani adui. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na aliye upande wa pili, asemaye kwamba Belarus haina lawama kwa kuwa Ufaransa ilitangulia, anataka dhambi ya mkubwa iwe ruhusa ya mdogo. Deni la mtu mmoja halilipwi kwa kumwongeza mdeni wa pili.

Wako pia wanaolaani tendo kama hili kwa kuwa halina faida. Watasema kwamba Ufaransa ilikamata watu watano na uhuru wa Algeria haukukamatwa. Na kwamba Belarus ilimhukumu Protasevich kifungo cha miaka 8 mwezi Mei 2023, ikamsamehe mwezi huo huo, huku jina lake yenyewe limechafuka mahali pengi. Maneno hayo ni kweli, lakini ni msingi mbovu wa kujengea maadili. Siku itakapotokea dola iliyoshusha ndege kwa hila ikapata kila ilichotaka, mwenye hoja ya faida hatakuwa na la kusema. Aliyejenga juu ya amana bado atakuwa nalo.

Limebaki jambo moja, nalo huenda ndilo kubwa kwa msomaji ambaye hatakuwa rais wala jemadari. Husemwa kwamba dola ilidanganya. Lakini dola haina mdomo. Neno lile la bomu lilimfikia rubani kwa sauti ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya mitambo yake, mwenye mafunzo ya kazi yake. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, mwongoza ndege aliyekuwa kazini saa ile alikuwa amekwisha kuihama nchi yake, naye alitoa ushuhuda kwamba aliingiliwa na afisa wa serikali mle mle chumbani na kuelekezwa la kusema. Ni rahisi kumhukumu mtu huyo kutoka mbali, na ni rahisi vile vile kumsamehe. Alikuwa na mkubwa nyuma ya bega lake, na ndege yenye watu zaidi ya mia mbele yake. Mmoja aliweza kumdhuru, na wale wengine walimwamini. Alimtii aliyeweza kumdhuru. Baadaye akasema kweli, na ushuhuda wake ukasaidia ulimwengu kuujua uongo ule.

Kila kazi yenye amana ina saa kama ile. Daktari huletewa cheti cha kutia sahihi, mwalimu huletewa orodha ya majina, karani huletewa barua iliyokwisha kuandikwa. Mwenye nguvu hawezi kupiga mbiu ya uongo kwa mkono wake. Lazima ampate mwenye pembe. Sheria za Chicago na Montreal zaweza kuandikwa upya na kuongezwa vifungu, na ni vyema ziongezwe. Lakini juu kule, ambako msafiri amefunga macho akalala kwa kuwa anaamini kuna mtu aliye macho kwa ajili yake, ulinzi wake wa mwisho ni moyo wa yule aliyeshika pembe, na jibu atakaloambiwa mkubwa siku atakapoagiza ipigwe bure.